Kabuibui ka ukutani hakakunyonyi damu, na mengine tunayowasingizia wadudu

Aisee juzi nimelala kwa shangazi hapa Moshi, Pasua, asubuhi namkuta na ndala mkononi, kashakaua kale kabuibui kadogo kanakorukaruka ukutani. Anasema ndo kanamnyonya mtoto damu usiku, si unaona vipele mkononi. Nikamwamkia shikamoo huku roho inaniuma.

Wengi wanaamini hivo. Ukweli ni kwamba hakuna buibui anayekuja kitandani kumnyonya mtu damu, ukimbana anaweza kung'ata kujitetea, basi. Vipele vya usiku mara nyingi ni mbu, kunguni au viroboto. Na hao warukaji hata utando wa kunasia hawatandi, wanawinda kwa macho, wananyemelea kama paka halafu wanaruka, na wanaowala ni haohao wadudu wanaotusumbua.

Sasa sikia hii, ndo iliyonifanya niache kabisa kuwaua. Kule Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, kuna aina moja ya warukaji ambao damu wanaipenda kweli ila midomo yao haiwezi kutoboa ngozi yetu kuifyonza, kwa hiyo wanafanyaje, wanasubiri mbu jike akanyonye kwanza halafu wanamkamata yeye! Watafiti waliofanya kazi Mbita, Kenya, walitoa matokeo mwaka 2005, kwamba buibui huyu akiwekewa mbu aliyeshiba damu na mdudu mwingine anachagua mwenye damu, na anamjua hata kwa harufu tu bila kumuona. Tena vitoto vyake vinamtambua mbu wa malaria kwa anavyotua, maana yule anakaa kainua makalio juu wakati mbu wengine wanatua wamelala sambamba na ukuta. Mwaka 2011 ikaonekana wanavutwa na harufu ya soksi iliyovaliwa, yaani penye mtu ndo penye mbu. Sisemi wa Pasua ni wa aina hiyo, na chandarua usikitoe, ila huyu kiumbe tumemjengea uadui wa bure kabisa.

Halafu kuna kumbikumbi. Masika ikianza, mvua ikikatika jioni, taa ya barazani inavamiwa na watoto wanakuja na mabeseni. Watu wanadhani ni mdudu wa peke yake, kumbe ni mchwa walewale wa kichuguu walioota mabawa, wanatoka kwenda kuanzisha familia, wakitua mabawa wanayadondosha, dume na jike wanachimba pamoja na mfalme anabaki na malkia wake humo ndani miaka, sio kama nyuki dume anayekufa akishampanda malkia.

Na hili la kusema wadudu wa usiku wanapenda taa nalo limeyumba. Mwaka 2024 watafiti waliwarekodi nondo na wadudu wengine kwa kamera za kasi sana wakakuta wengi hawaendi kwenye taa, wanaigeuzia mgongo. Tangu zamani usiku upande wenye mwanga ni juu, angani, kwa hiyo mdudu akielekeza mgongo kwenye mwanga anajua yuko sawa. Ukiwasha balbu pembeni yake anainama upande, anaanza kuizunguka bila kutoka, na akipita juu ya taa anapinduka anaanguka. Mateso tu jamani, ukimaliza shughuli zako nje zima.

Mwingine tunayemdharau ni yule anayeviringisha mavi ya ng'ombe, tunamuona anahangaika hovyo. Hahangaiki, anaenda njia iliyonyooka ili wenzake wasimuibie donge, na mwaka 2013 watafiti waliofanya majaribio Afrika Kusini walionyesha kwamba usiku usio na mwezi anafuata Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza angani. Waliwavalisha vikofia vya karatasi ngumu wasione juu, wakaanza kuzungukazunguka. Waliovalishwa vikofia vya plastiki inayopitisha mwanga walinyoosha moja kwa moja na madonge yao.