Mkaa, udongo wa Pugu na mfuko wa saruji: pale malighafi inapobeba hoja

Kila mwaka, wanafunzi wa sanaa wa mwaka wa mwisho wanapoleta mapendekezo ya kazi zao, najua kuna moja litakalokuwa na dunia inayotoa machozi. Lingine litakuwa na kisiki, na pembeni yake mche mdogo umeshikwa kwa viganja viwili. Kuzunguka picha kutakuwa na chupa za plastiki zilizokatwakatwa na kubandikwa, kwa sababu mwongozo unasema sanaa mseto, yaani kazi inayochanganya malighafi za aina mbalimbali. Chini kabisa: "Kazi hii inahamasisha jamii kutunza mazingira."

Somo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na zile chupa. Huwa namwuliza mwanafunzi: tukizitoa zote, tukaweka rangi ya dukani mahali pake, picha itapoteza nini? Jibu likiwa "hakuna", chupa zilikuwa abiria tu. Kazi ya mazingira iliyofanywa kwa malighafi mseto inaanza kuwa na maana pale malighafi yenyewe inapokuwa na neno la kusema, neno ambalo brashi isingeweza kulisema.

Mifano ipo karibu nasi. Ile jahazi ya Flipflopi iliyojengwa Lamu, Kenya, na kuzinduliwa mwaka 2018 ingeweza kuwa sanamu ya jahazi. Wangeiweka ufukweni, watu wakapiga picha wakaondoka. Lakini fundi Ali Skanda na wenzake waliyeyusha taka za plastiki wakapata mbao, wakazichonga kwa ufundi uleule wa majahazi, wakalivika ganda la ndala za rangirangi zilizookotwa ufukweni, zipatazo 30,000, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Hoja yao kwamba plastiki ni mali ghafi isiyostahili kutupwa haikuandikwa kwenye bango. Ilielea. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anaunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi vinakuwa kama mashuka makubwa ya thamani, na pombe yenyewe ilikuwa bidhaa ya biashara kati ya Ulaya na pwani ya Afrika Magharibi, ikiwemo enzi za utumwa. Vifuniko vile vimebeba historia hiyo hata kabla msanii hajavigusa.

Na tusisahau hapa nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile inayopakwa kwenye baiskeli, juu ya hadibodi. Hakuwa anazungumzia mazingira, lakini ile rangi ndiyo iliyozaa mtindo: haichanganyiki kwa upole, inakauka na mipaka mikali, inang'aa. Mtu anayeidharau malighafi ya mtaani arudi amtazame yule mzee vizuri.

Nina mwanafunzi mmoja ninayemsimamia, binti aliyekulia njia ya Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambaye pendekezo lake la kwanza lilikuwa na kisiki kama wengine. Nilimwuliza msitu aliouona kwa macho yake ni upi. Hakuwa na msitu. Alikuwa na baiskeli. Tangu mtoto ameziona alfajiri zikishuka kuelekea mjini na magunia ya mkaa yaliyopangwa juu hadi mwendeshaji haonekani kwa nyuma. Akaongeza kwamba mama yake anapikia mkaa na hayuko tayari kuchora picha inayomfanya mama yake mhalifu. Nikamwambia hapo ndipo kazi yako inaanzia.

Tukaamua nyeusi yake yote itoke kwenye mkaa wa kupikia, ule ule. Wanafunzi wengi hudhani mkaa wa kuchorea na mkaa wa jikoni ni kitu kimoja. Asili ni moja: mti ulioiva kwa moto bila kupewa hewa ya kutosha, maji yakatoka kwanza, kisha gesi na lami, ikabaki kaboni. Lakini wa jikoni mara nyingi hutoka kwenye miti migumu kama ya miombo, nao ni mgumu, una nyufa na chembe zinazokwaruza karatasi. Kwa mistari laini, mwanafunzi huyu alikata vijiti vyembamba, akavipanga ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, akatoboa tundu dogo juu na kuliweka motoni. Moshi unatoka kwenye tundu. Ukikoma, unaliondoa na kuliacha lipoe kabisa kabla ya kulifungua. Ukifungua mapema hewa inaingia na vijiti vinageuka majivu mbele ya macho yako.

Kwa rangi ya kupaka, alikwenda kwenye kibanda cha mkaa akaomba chenga na vumbi vinavyobaki chini. Hili tulilijadili sana. Kununua gunia zima ili kutengeneza kazi inayohoji mkaa kuna kasoro yake, wakati chenga zilishakatwa, zilishachomwa, na mara nyingi hazina mnunuzi ila wale wanaotengeneza mkaa mbadala. Alizitwanga kwenye kinu, akazichekecha kwa kitambaa chepesi, kisha akazisaga tena juu ya kioo zikiwa na maji. Vumbi la mkaa lina tabia moja inayowakasirisha wanaolijaribu mara ya kwanza: halipendi maji. Ukilimimina kwenye maji linaelea juu na kukukodolea macho. Dawa ni matone machache ya spiriti kwanza, ulikoroge liwe uji mzito, ndipo maji yaingie. Baada ya hapo unaweka gundi. Gundi ya mgunga ukiipata ni nzuri kwa karatasi. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji inafanya kazi pia. Usizidishe. Gundi ikizidi, ule weusi mkavu unaomeza mwanga unageuka mng'ao wa buti lililopakwa kiwi, na hapo umepoteza sababu ya kutumia mkaa.

Nyeupe ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Vilima vya Pugu, ambako baiskeli zake zilikuwa zikipita, vina hazina kubwa inayojulikana ya kaolini, udongo mweupe laini wa kutengenezea vyombo. Pale pale pana msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, masalia ya misitu ya pwani iliyomegwa kwa miaka mingi na shoka la mkaa, na sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Kwa hiyo nyeusi na nyeupe yake zingeweza kutoka kwenye ardhi moja. Nilimkataza kuchimba mwenyewe, hifadhi ni hifadhi. Alipata udongo wake kwenye karakana ya wafinyanzi.

Kaolini nayo ina masharti yake. Ukiichanganya na mafuta ya kitani haiwi nyeupe, inakuwa kitu cha kahawia kinachopitisha mwanga, kwa sababu mafuta yanaupindisha mwanga karibu sawa na udongo wenyewe, hivyo chembe zinazama na kupotea. Inahitaji gundi ya maji, na gundi hiyo iwe kidogo kuliko udongo, ili rangi ikikauka hewa ibaki kati ya chembe. Hewa hiyo ndiyo inayotoa weupe. Ikiwa mbichi inaonekana ya kijivu na mwanafunzi anaongeza tabaka juu ya tabaka kwa wasiwasi; subiri ikauke, inaamka yenyewe. Na isagwe ikiwa na maji, kwa sababu vumbi lake kavu huweza kuwa na chembe za mchanga mkali ambazo mapafu hayazisamehi. Barakoa ivaliwe.

Kisha kikaja kiroba. Alitamani kuchora moja kwa moja juu ya magunia ya mkaa, na kwa macho lilikuwa wazo tamu. Lakini viroba vingi siku hizi vimefumwa kwa plastiki ya polipropilini, ambayo haishikwi na gundi ya maji wala rangi ya maji. Inaonekana imeshika leo, kesho unaikunja na rangi yote inabanduka kama gamba. Zaidi ya hapo, polipropilini isiyo na kinga huliwa na jua. Ukikiacha kiroba nje miezi kadhaa kinakatikakatika mkononi. Ninawaambia wanafunzi: plastiki inayotisha kwa kudumu baharini karne nyingi ndiyo hiyo hiyo itakayokuaibisha ukutani ndani ya mwaka mmoja. Kuvunjika vipande na kuisha kabisa ni mambo mawili tofauti.

Suluhisho lake lilikuwa kushona. Picha imo kwenye karatasi ya kahawia ya mifuko ya saruji, iliyokung'utwa na kufutwa vizuri kwa sababu mabaki ya saruji yana ukali wa chokaa, nayo karatasi imeshonewa juu ya kiroba kwa uzi wa katani. Hakuna gundi inayoombwa kufanya miujiza. Nikamchokoza kidogo kuhusu katani, maana alikuwa ameichagua kama uzi "wa asili". Mkonge si mwenyeji hapa. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na mashamba yake yalifyeka sehemu kubwa za Tanga. Hakuubadilisha uzi, lakini neno "wa asili" lilifutwa.

Bado hatukuwa na picha. Alikuwa na baiskeli nzuri, zilizochorwa kwa mkono unaojua, lakini zingeweza kuwa za msanii yeyote anayeuza kwa watalii. Kilichoifungua kazi ni hesabu. Tanuri la kienyeji la udongo, kulingana na fundi na ukavu wa magogo, hutoa kilo 10 hadi 20 hivi za mkaa kwa kila kilo 100 za mti. Aliposikia hivyo alinyamaza, kisha akaomba nimpe wiki.

Alirudi na mpango wa paneli 10, kila moja ikiwa na ukubwa wa gunia lililopasuliwa na kutandazwa. Moja na nusu ni nyeusi ti, mkaa mtupu, na baiskeli inaonekana humo kwa kukwanguliwa tu hadi karatasi ya kahawia itokeze. Nane na nusu zilizobaki zimepakwa kaolini, nyeupe, na humo baiskeli ileile inaendelea kupita lakini kwa mistari hafifu ya kijiti. Nyeupe ndiyo sehemu ya mti ambayo haikufika mjini: mvuke, moshi, majivu. Mtazamaji hahitaji kuambiwa asilimia yoyote. Anatembea, na weupe hauishi. Mama yake binti hayupo kwenye kizimba cha washtakiwa. Kilichopo ni tanuri.

Kuhusu siasa ya jambo hili, Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na wapo walimu wenzangu wanaotaka kazi ya mwanafunzi iutaje. Mimi sioni haja. Mkakati una wasemaji wake.

Tunabishana bado juu ya kitu kimoja: kukazia. Kwa kawaida mkaa hupuliziwa dawa ya kuufunga ili usitoke. Yeye anataka ile paneli nyeusi nzima iachwe bila kufungwa, ichafue nguo ya mtu atakayeisogelea, kama gunia linavyomchafua mbebaji. Wenye ukumbi hawataki kusikia. Nimempendekezea afunge tabaka la chini kwa gundi hafifu na kuacha la juu peke yake likiwa huru, ili kazi isije ikamalizika yote kwenye mashati ya wageni.

Maelezo ya msanii sasa yana mstari mmoja: "Chenga za mkaa kutoka kibandani, udongo mweupe wa Pugu, karatasi ya mifuko ya saruji, viroba, katani ya Tanga." Nimemwomba aongeze jina la mti uliochomwa. Amemwuliza muuza mkaa, naye amemjibu kwamba gunia moja lina miti mingi.