Chaji ya uso wa virusi: dhana potofu na ukweli wa vipimo

Mtu akiuliza kirusi fulani kina kipenyo gani, anaweza kujibiwa kwa tarakimu moja na akaridhika. Akiuliza kina chaji ya umeme kiasi gani, kabla ya kumjibu inabidi naye aulizwe: kikiwa ndani ya maji gani? Dhana nyingi potofu kuhusu upimaji huu, zikiwemo zinazojitokeza katika ripoti za maabara zilizoandikwa kwa uangalifu, hutokana na kulisahau swali hilo.

"Virusi vina chaji hasi"

Kauli hii ni kweli mara nyingi, lakini si kwa sababu virusi vimeumbwa hasi. Gamba la protini la kirusi, yaani kapsidi, limejaa asidi amino ambazo hupokea au kuachilia protoni kwa kutegemea pH, yaani kipimo cha uasidi, ya maji yanayolizunguka. Asidi ya aspatiki na ya glutamiki huachilia protoni zake karibu na pH 4 na kubaki na chaji hasi. Histidini hubadilika karibu na pH 6. Lisini na arjinini hushikilia chaji chanya hadi pH inapopanda kupita 10. Kati ya pande hizo mbili ipo pH ambapo hasi na chanya hulingana, nayo huitwa nukta ya isoelektriki. Kwa MS2, kirusi kinachoshambulia bakteria na kinachotumiwa mno katika utafiti wa usafishaji wa maji, nukta hiyo huripotiwa karibu na 3.9, ilhali kwa φX174, ambacho nacho ni kirusi cha bakteria, huwa karibu na 6.6. Katika maji ya pH 7.5 vyote viwili ni hasi. Katika maji ya pH 5.5 kimoja kimebaki hasi na kingine kimegeuka chanya, wala hakuna kilichobadilika ila maji.

Sifuri ya chaji kwenye nukta hiyo nayo ni ya jumla tu. Kirusi kilicho kwenye nukta yake ya isoelektriki bado kina madoa ya chanya na madoa ya hasi usoni mwake, na madoa hayo yanaweza kukinasa kwenye mchanga, kwenye kichujio au kwenye kirusi kingine.

"Mashine hupima chaji"

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu tarakimu inayotokea kwenye skrini huonekana kama kipimo cha moja kwa moja, na sivyo ilivyo. Kinachopimwa ni mwendo. Sampuli hutiwa ndani ya kijichombo chembamba chenye elektrodi mbili, uwanja wa umeme huwashwa, na virusi huanza kusogea kuelekea elektrodi yenye chaji iliyo kinyume na yao. Mwanga wa leza unaotawanywa na chembe zinazosogea hubadilika masafa kidogo sana, na kutokana na badiliko hilo mashine hukokotoa kasi. Mbinu ya kufuatilia mwendo wa protini katika uwanja wa umeme si ngeni: Arne Tiselius wa Sweden aliielezea kwa chombo chake mwaka 1937, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Leza ndiyo iliyokuja baadaye.

Kasi hiyo ndiyo hugeuzwa kuwa potenshali ya zeta, yaani volti iliyopo mahali ambapo maji yanayosafiri pamoja na chembe huachana na maji yaliyobaki nyuma. Ugeuzaji huo unahitaji fomula, na fomula zenyewe ni zaidi ya moja. Tuchukue kirusi kinachosogea mikromita 2 kwa sekunde katika uwanja wa volti 1 kwa kila sentimita, ndani ya maji ya nyuzijoto 25. Fomula ya Smoluchowski, iliyokusudiwa chembe kubwa zilizo katika maji yenye chumvi ya kutosha, itatoa takriban milivolti 26. Fomula ya Hückel, iliyokusudiwa chembe ndogo katika maji yenye ioni (chembe zenye chaji zitokanazo na chumvi) chache, itatoa takriban 38. Kirusi ni kilekile na kasi ni ileile, lakini majibu yametofautiana kwa nusu nzima ya jibu la kwanza.

Ipi ni sahihi? Kwa kirusi kidogo, mara nyingi hakuna. Wingu la ioni linalokizunguka huwa na unene wa takriban nanomita 10 katika maji yenye milimoli 1 ya chumvi ya kawaida kwa lita, na takriban nanomita 1 chumvi ikifikia milimoli 100. MS2 kina nusukipenyo cha nanomita 13 au 14 hivi, kwa hiyo kinaangukia katikati, mahali ambapo fomula zote mbili hupotoka na panapohitajika masahihisho ya Henry, yaani fomula inayounganisha hizo mbili. Isitoshe, zote hizo humchukulia msafiri kuwa mpira mgumu usiopitisha maji, ilhali kapsidi ina matundu na baadhi ya virusi vina nywele za protini zinazoyumba, ndiyo maana Ohshima na wenzake walitengeneza nadharia ya chembe laini. Kwa maoni yangu, anayeripoti milivolti bila kutaja fomula, pH, aina ya bafa (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike) na kiasi cha chumvi hajaripoti kitu cha kulinganishwa na cha mwingine. Ni afadhali aandike kasi yenyewe.

"Sampuli iliyochujwa ni safi ya kutosha"

Mwanga unaotawanywa na chembe ndogo huongezeka kwa kipeo cha sita cha kipenyo chake. Kwa hiyo bonge la nanomita 81 hutawanya mwanga mara 729 kuliko kirusi kimoja cha nanomita 27, na bonge hilo hupenya kichujio cha nanomita 220 bila shida yoyote. Mabonge machache yaliyotokana na mabaki ya bakteria au protini za chakula cha seli yanatosha kuifanya mashine ipime takataka na kuiita kirusi. Yapo pia makosa ya mkono: kiputo cha hewa kilichobaki juu ya elektrodi huvuruga uwanja wa umeme, na sampuli yenye chumvi nyingi hupata joto na elektrodi zake huanza kuwa nyeusi. Ukiona weusi huo, matokeo ya mzunguko wa mwisho yatupe.

"Mfuatano wa protini unatosha, kupima si lazima"

MS2 ndicho kinachoiumbua dhana hii. Ukijumlisha asidi amino zote za protini ya gamba lake, hesabu huweka nukta ya isoelektriki juu ya pH 8, mbali kabisa na 3.9 inayopatikana kwa kupima. Sababu kubwa ni kwamba hesabu haijui ndani wala nje. Lisini na arjinini nyingi zinazoelekea ndani zimeshikana na RNA, yaani molekuli inayobeba jeni za kirusi, yenye chaji hasi, hivyo mchango wake hauonekani nje ipasavyo. Makadirio yanayoziondoa sehemu zinazoshika RNA hukaribia zaidi vipimo halisi.

"Chini ya milivolti 30 virusi vitagandamana"

Hii ni kanuni ya vidole iliyozoeleka kwa chembe zisizopenda maji: potenshali ya zeta ikiwa ndogo, chembe hazisukumani vya kutosha. MS2 hubaki kimetawanyika katika maji yenye chumvi nyingi ya kawaida, ambako potenshali yake ni ndogo, lakini kalsiamu inaweza kukikusanya.

"Kila kirusi kina nukta moja ya isoelektriki"

Kwa kirusi cha polio ziliripotiwa mbili, karibu na pH 7 na karibu na 4.5, zikihusishwa na maumbo mawili ambayo kapsidi yake inaweza kuchukua. Virusi vyenye utando wa lipidi vina ugumu zaidi, kwa kuwa utando huo huchukuliwa kutoka kwa seli iliyovizalisha, na sukari zinazoning'inia kwenye protini za nje huungwa na seli hiyohiyo. Asidi ya sialiki, ambayo ni sukari yenye chaji hasi, ni mfano mzuri: kirusi cha mafua hubeba kimeng'enya cha kuikata, baadhi ya virusi vingine havina. Kwa sababu hiyo, kirusi cha aina hii kikikuzwa katika seli za aina mbili tofauti kinaweza kutoa vipimo viwili tofauti, na jina la seli linastahili kuandikwa kwenye jedwali kando ya pH.