Minyoo, Utumbo na Jeni Zinazofunguliwa kwa Wakati Wake

Wazazi wanaoleta watoto kliniki hapa Malindi hutuomba mara kwa mara dawa ya kuongeza kinga, hasa mtoto anapokuwa ametibiwa minyoo na baada ya miezi michache kipimo cha choo kikaonyesha minyoo tena. Ombi hilo ni la haki, lakini linachukulia kwamba kinga ni kitu kimoja kinachopungua na kujazwa kama maji ya mtungi. Utumboni, kinga ni kazi ya seli za aina mbalimbali, na kila aina hupatikana kwa jeni fulani kufunguliwa na nyingine kubaki zimefungwa.

Karibu kila seli ya mwili hubeba DNA yenye urefu wa takriban mita 2, na ndani yake mna jeni zipatazo 20,000 zinazoagiza utengenezaji wa protini. Mama anayeshona mikeka huko Lamu huuweka ukili wake ukiwa umeviringwa, na hufungua kile kipande tu anachotaka kukishona. DNA nayo imeviringwa juu ya protini ziitwazo histoni, na jeni iliyobanwa humo haisomeki mpaka protini nyingine, ambazo kazi yake ni kuongoza usomaji wa jeni, zijishike mahali hapo na kupafungua. Protini hizo za uongozi ndizo zinazoamua seli changa ya uboho itakua kuwa nini.

Kwetu sisi wa pwani, ambako mchanga huwafaa mabuu wa safura, mfano unaotuhusu zaidi ni seli ziitwazo ILC2, zilizoelezwa mwaka 2010 na makundi ya watafiti wa Japani, Uingereza na Marekani. Ni seli za kinga ya asili, kwa hiyo hazingoji kufundishwa na ugonjwa uliotangulia. Panya aliyeondolewa protini ya uongozi iitwayo GATA3 katika seli za ukoo huo hapati ILC2, ilhali protini nyingine, ROR-gama-t, huwaelekeza ndugu zao kuwa ILC3, ambazo hushughulika zaidi na bakteria.

Minyoo wanapofika, seli zenye kishungi katika ukuta wa utumbo huwahisi na kutoa interlukini 25, mojawapo ya protini ambazo seli hutumia kupashana habari. ILC2 huitika upesi kwa kutoa interlukini 13, kwa sababu sehemu ya jeni ya interlukini hiyo ilikwisha kufunguliwa tangu seli ilipokuwa ikikua. Hapo ute huongezeka, misuli ya utumbo hukaza, na mnyoo husukumwa nje. Panya wa maabara huwatoa minyoo wa aina fulani katika muda wa majuma mawili hivi. Minyoo wa safura wa binadamu ni wagumu zaidi: wenyewe hutoa kemikali za kuituliza kinga, wakakaa miaka wakifyonza damu.

Interlukini 13 hiyohiyo, ikizidi mapafuni, huchangia pumu. Ndiyo maana siwezi kumshauri mzazi anunue chupa inayoahidi kuongeza kinga, wala sidhani tungefurahi kama kweli ingeiongeza yote kwa pamoja. Albendazole, dawa ya minyoo tunayotoa, huwaua minyoo waliomo siku hiyo, lakini haiachi ulinzi wowote nyuma yake. Mtoto akikanyaga tena peku mchanga uliochafuliwa kwa kinyesi, mabuu hupenya ngozi ya wayo kama awali. Kwa hiyo tunapomkabidhi mzazi kidonge, humwuliza pia kuhusu kandambili za mtoto na choo cha nyumbani.