Kumeza dawa si kukosa imani

Huku Mbeya utasikia mtu akiambiwa baada ya kuombewa: "Ukirudia vidonge vya presha, huna imani." Si kweli, tena ni hatari. Presha haipigi hodi. Unajiona mzima, kumbe mshipa wa kichwani unakaribia kupasuka. Wamoravian waliingia Rungwe mwaka 1891, na leo kanisa lao lina hospitali Isoko. Walutheri wanayo Ilembula. Wangehangaika na wodi za nini kama dawa inafukuza imani?

Hata shaka haiifuti. Katika Marko 9:24 baba wa mtoto mgonjwa analia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe anapona. Sasa anayedai uthibitishe imani kwa kutupa vidonge, kaitoa wapi hiyo? Umeombewa, vizuri. Kapime, daktari ndiye apunguze dozi.