Kamati za kumbi za mbao, mchoro wenu unarudishwa kwa sababu ya viungo

Ndugu zangu wa kamati za ujenzi, kuanzia Mafinga mpaka Makambako, tunasikia malalamiko kwamba wahandisi tunakalia vibali vya kumbi za jamii za fremu ya mbao. Hasira tunaielewa, paini mnayo mlangoni na shamba la miti la Sao Hill ni jirani yenu, ya nini kusafirisha tofali. Mbao hatuipingi. Ila michoro mingi inaonyesha saizi ya mbao tu, haionyeshi zinavyoshikana.

Halafu kuna hili la mtu kuchukua ramani ya nyumba ya kuishi anarefusha tu anaandika "ukumbi". Sakafu ya nyumba tunaihesabia mzigo wa kama kilo 150 kwa mita ya mraba, lakini ya ukumbi ambao watu watasimama, watacheza harusi, akina mama watajaa siku ya kliniki, tunahesabu kama kilo 500. Na boriti ya mita 3 ukiipeleka mita 6 bila nguzo katikati, saizi ileile na mzigo uleule kwa kila mita, haipindi mara mbili jamani, inapinda mara 16. Mbao ya inchi 2 kwa 6 ikisimama ni ngumu kupinda mara 9 kuliko ikilazwa, na bado tunakuta imelazwa.

Sasa upepo. Watu wanaamini paa linashuka, kwa hiyo wanaongeza nguzo basi. Upepo wa kilomita 108 kwa saa una nguvu ya kama kilo 55 kwenye kila mita ya mraba, wakati bati la geji 30 kwa eneo hilohilo halifiki kilo 4, kwa hiyo siku ya dhoruba paa lako linataka kupaa, na linachovuta ni kenchi, kenchi inavuta wolpleti (mbao ya mlalo juu ya nguzo inayobeba kenchi), wolpleti inavuta nguzo, nguzo inavuta msingi. Kiungo kimoja kikiachia hapo kati, vilivyobaki havina kazi. Msumari ukivutwa kurudi ulikoingilia unachomoka, ndiyo maana tunadai mkanda wa chuma juu ya kila kenchi ushuke mpaka kwenye nguzo, na bolti chini zilizomwagiwa zege. "Fundi wangu ana miaka 20 kazini" siyo hesabu, samahani.

Na mshazari, ile mbao ya kukata kona kwa kona kwenye fremu! Toa droo ya kiberiti, shika lile ganda lililobaki ulisukume pembeni, linalala. Fremu isiyo na mishazari au plaiwudi iliyopigiliwa vizuri ni hivyohivyo.

Mbao iwe imekauka chini ya asilimia 20 ya unyevu, maana iliyopasuliwa jana itasinyaa ikiwa ukutani na bolti zitalegea. Oili chafu haichukui nafasi ya dawa ya presha, ile inayosukumwa ndani ya mbao kiwandani, na mkikata mbao yenye dawa pakeni dawa tena pale mlipokata, mchwa anaanzia hapo. Mabaki yake msipikie kabisa, dawa nyingi za kijani zina arseniki, moshi wake ni sumu kwa watoto wenu.

Utaratibu ni huu. Michoro ya usanifu na ya miundo inaletwa halmashauri, ya miundo iwe na hesabu na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) chini ya Sheria Na. 15 ya 1997, Zimamoto nao wanaipitia, ndipo kibali. Mkianza kabla ya kibali mtapewa notisi ya kusimamisha, mkiendelea mtapigwa X nyekundu, na amri ya kubomoa ikitoka gharama ni zenu, hata kama hela ilikuwa michango ya wananchi na hata kama diwani alikuja kuweka jiwe la msingi. Ukaguzi unafanyika msingi ukiwa wazi kabla ya zege, unafanyika tena fremu ikiwa imesimama na viungo vinaonekana, halafu paa kabla ya silingi. Mkishafunika kuta mkaguzi atawaambia mfunue, na siyo kwamba anatafuta kitu kidogo, haoni ndani ya plaiwudi.

Kwa hiyo mliorudishiwa, msianze upya. Ongezeni karatasi moja yenye kiungo cha kenchi na wolpleti, cha wolpleti na nguzo, na cha nguzo na msingi, kwa skeli ya 1:10, na idadi na urefu wa misumari uandikwe.