Aiskrimu ya korosho kwa mashine ndogo: anza na baridi

Wengi wanaonitafuta huniuliza wanunue mashine gani ya aiskrimu. Mimi huwauliza kwanza friza yao ikoje. Natengeneza aiskrimu za kuuza hapa Mtwara mjini na nafundisha wanaotaka kuanza nyumbani, na mara nyingi nikiitwa kutazama aiskrimu iliyokataa kuganda, nakuta mashine ni nzima. Kilichokosekana ni baridi.

Mashine hizi ndogo za kuweka mezani hazitengenezi baridi. Zina mota, mwiko wa kukorogea, na bakuli la kuta mbili lenye kimiminika katikati. Ukililaza bakuli kwenye friza, kile kimiminika kinaganda, na ukishamwaga rojo, yaani mchanganyiko wa aiskrimu kabla haujaganda, kinaanza kunyonya joto lake. Baridi iliyomo ikiisha, imeisha. Zipo mashine zenye kompresa yake ndani, yaani mtambo wa kutengeneza baridi kama wa friji, lakini bei yake ni ya mtu aliyekwisha kupata wateja.

Kwa hiyo bakuli lilale saa 24 kwenye friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri. Kile kichumba cha juu cha friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki huko, na friza inayofunguliwa kila dakika kwa ajili ya maji ya kuuza haifiki pia. Umeme ukikatika usiku, hesabu upya. Kabla ya kuanza, litikise bakuli karibu na sikio: ukisikia kitu kinacheza ndani, lirudishe.

Baridi yote hii inatakiwa kwa sababu ya fuwele za barafu, yaani punje zake. Rojo likiganda upesi huku linakorogwa, fuwele zinabaki ndogo mno na ulimi hauzihisi. Likiganda polepole, zinakua, na unatafuna chengachenga. Ndiyo maana rojo nalo liingie likiwa la baridi, nyuzi 4 hivi, limelala kwenye friji usiku kucha. Kumwaga rojo vuguvugu katika joto la Novemba hapa kwetu ni kulimaliza bakuli bure.

Sasa korosho. Mapishi mengi yanataka krimu ya maziwa, ambayo huku si kitu cha kukikuta kila duka. Tui peke yake halitoshi: mafuta ya nazi huanza kuganda kwenye nyuzi 24 hivi, basi kwenye friza yanakuwa magumu na kuacha utando mdomoni. Korosho ina mafuta karibu asilimia 44 ya uzito wake, na mengi yake hubaki laini kwenye baridi. Tena ina wanga, na wanga huo ukipata moto hushika maji yasikimbilie kuwa barafu. Sijaona kitu kingine cha mikoa hii kinachofaa aiskrimu kama hiki, na inaniuma kuona tunazisafirisha nyingi huku tukitafuta krimu ya kopo.

Chukua korosho zilizobanguliwa ambazo hazijakaangwa. Zilizovunjika ni nafuu na hazina kasoro kwa kazi hii. (Usijibangulie mwenyewe kama hujui, mafuta ya ganda huunguza ngozi.) Loweka gramu 150 kwa saa 4, mwaga maji ya kulowekea, kisha saga kwenye blenda pamoja na maji mililita 350 mpaka usihisi chenga kati ya vidole. Ongeza tui zito la kwanza mililita 200, sukari gramu 110, glukosi ya unga gramu 30, iliki na chumvi kidogo. Hiyo glukosi usiiache: haina utamu mkali kama sukari, lakini inazuia kuganda karibu mara mbili ya sukari ya uzito uleule, hivyo aiskrimu inachoteka vizuri. Bandika moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka lishike mwiko, epua kabla halijachemka. Ukionja likiwa moto utaona limezidi sukari. Liache hivyo, maana baridi hupunguza utamu ulimini.

Liweke sufuria ndani ya beseni la maji na barafu lipoe, kisha friji.

Siku ya kukoroga, kila kitu kiwe tayari mezani kabla bakuli halijatoka kwenye friza. Washa mashine kwanza, ndipo umwage rojo, la sivyo litagandia ukutani na kuuzuia mwiko. Jaza nusu tu, kwani linaumuka kwa hewa. Baada ya dakika 20 hadi 30 litakuwa laini na zito. Litoe wakati huo, lifungie kwenye chombo chenye mfuniko, na lirudi friza kwa saa 4.

Kwa aiskrimu ya ufuta, kaanga vijiko vitatu mpaka vinukie, poza kabisa, na mimina dakika ya mwisho mashine ikizunguka. Ukitaka ya embe, embe lichemshwe kwanza lipungue maji.