Klorini haipokonyi elektroni kila mara
Kwenye tuisheni nyingi za Nairobi bado utasikia kwamba haidrojeni kloraidi (HCl) ni kama chumvi ya mezani: klorini imepokonya elektroni, kwisha. Sivyo. Katika gesi hiyo atomu mbili zinachangia jozi moja ya elektroni, ila klorini huivutia kwake kidogo. Katika Cl₂, yaani atomu mbili za klorini zilizoungana, hata mvutano huo haupo. Pacha wamelingana nguvu.

Ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hutokea gesi ya HCl inapokutana na maji. Iyeyushe ikiwa kavu ndani ya methilibenzeni, kimiminika kisicho maji: litimasi kavu ya buluu (karatasi ya kupima asidi) hubaki buluu, na balbu ya saketi iliyochovywa humo haiwaki. (Mwalimu afungue madirisha, gesi hii hukereketa koo.) Tia maji, tikisa, chovya karatasi kwenye tabaka la maji chini. Inakuwa nyekundu papo hapo.